Kijivu iliyokataa kuwa kijivu: kisa cha chumba kimoja cha kusomea huko Eastlands

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu mmoja wa sekondari na familia yake, wanaoishi kwa zile nyumba za zamani za chini huko nyuma ya Jogoo Road hapa Nairobi, waliamua chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa cha masanduku na magodoro ya wageni kigeuzwe cha kusomea na kufanyia kazi, juu jioni yeye hufundisha wanafunzi onlaini na wikendi anasahihisha, na meza ya kulia chakula watoto washaiteka. Likizo ya Aprili wakapaka kijivu. Ile kijivu nyepesi yenye ubaridi fulani hivi, iko kwa kila picha ya ofisi ya nyumbani unayoona kwa simu. Rangi ilinunuliwa duka la maana, ikachanganywa kwa mashine, fundi akapiga koti mbili, ikakauka ikiwa kitu ingine kabisa. Mwalimu anaona kahawia chafu. Mume wake anaona bluu. Mtoto wao wa gredi ya nne akauliza, mama, mbona mmepaka zambarau? Na shosho, yaani mama mkwe wa mwalimu, ambaye kusema kweli ndiye mwenye nyumba, akasema hicho chumba kilikuwa krimu tangu mzee akiwa hai na hakuna siku mtu alisimama mlangoni akauliza hii ni rangi gani.

Wote wanne walikuwa wanasema ukweli. Nikishasema hivyo watu huniangalia vibaya, lakini ndio maana nimeamua kuandika kisa hiki chote bila kuruka, juu naona nyumba nyingi sana hapa Nairobi zikipakwa mara mbili mara tatu na pesa ya watu inapotea, na kila mara lawama inaenda kwa duka au kwa fundi, wakati shida iko kwa dirisha, kwa sakafu na kwa balbu, vitu ambavyo hakuna mtu aliviangalia kabla ya kufungua kadi ya rangi.

Waliponiita niangalie, kwanza ilibidi tuondoe duka kwa hii hesabu. Kulikuwa na rangi imebaki chini ya mkebe, tukaikoroga vizuri, tukapaka kwa kipande cha kadibodi nyeupe koti mbili, ikakauka, tukaitoa nje tukaishika kivulini kando ya kadi ya duka. Ikawa sawasawa, huwezi tofautisha. Kwa hivyo kodi, yaani ile namba ya mchanganyiko wa rangi, ilipigwa vizuri na mashine haikukosea. Kadibodi ile ile tukaiingiza ndani ya chumba, na mwalimu mwenyewe akashika mdomo, juu ilibadilika mkononi mwake akivuka mlango.

Sasa chumba. Futi kumi kwa kumi na moja, urefu wa kwenda juu futi tisa, dirisha ni moja tu na linaangalia kusini. Hapa kwetu watu husoma ushauri kutoka Uingereza ama Marekani wanaambiwa chumba cha kusini ndicho chenye jua tele, cha kaskazini ndicho baridi, wanauchukua hivyo hivyo. Sisi tuko karibu digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakaa upande wetu wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi mpaka karibu mwisho wa Septemba, alafu linavuka linaenda kusini miezi inayobaki. Maana yake dirisha la kusini Nairobi haliguswi na jua nusu mwaka mzima, na nusu hiyo ndio ina ile Juni na Julai ya mawingu na baridi.

Hiyo peke yake ingekuwa rahisi kushughulikia. Lakini mita tatu hivi kutoka kwa dirisha kumesimama fleti ya orofa sita, ilikuja juzi juzi tu kama zile zingine zote zinazomea Eastlands, na ukuta wake umepakwa rangi ya tofali, machungwa iliyoiva. Ukuta huo unaangalia kaskazini. Kwa hivyo miezi ile jua likiwa kaskazini, siku ikifunguka, jua linapita juu ya paa la mabati la mwalimu linapiga ukuta wa fleti moja kwa moja, na ukuta unarudisha mwanga wa machungwa mpaka ndani ya chumba. Chumba hakipati jua, kinapata rangi ya nyumba ya jirani. Ikifika Novemba, Desemba, ukuta huo uko kivulini kutwa, chumba kinabaki na kamwanga kadogo ka mbinguni kanakoshuka kati ya nyumba mbili, na hako kanaelekea ubluu. Chumba kimoja, misimu miwili, na kwa kadi ya rangi hakuna mahali hiyo imeandikwa.

Alafu sakafu. Simiti nyekundu, ile ya zamani inayopigwa polishi mpaka unaona kivuli chako. Nilichukua karatasi ya kuprinti, A4 nyeupe ya kawaida, nikaishikilia kwa ukuta chini kabisa karibu na sakafu nikamwambia mwalimu aangalie. Ilikuwa pinki. Si pinki ya kubahatisha, ilikuwa pinki ya kuonekana kabisa, na makali yake yalianza kufifia ukipandisha karatasi mpaka kwa magoti. Nikaipandisha mpaka usawa wa dirisha, ikaenda machungwa hafifu. Nikaipeleka pembeni juu karibu na siling, ikawa kijivu yenye ubaridi. Karatasi ni moja, haijapakwa chochote, na kwa ukuta mmoja wa futi tisa imeonyesha rangi tatu. Sasa badala ya karatasi weka rangi ya kijivu yenye bluu ndani yake, utaelewa. Chini bluu inakutana na wekundu wa sakafu, inatoka zambarau. Katikati bluu inakutana na machungwa ya fleti, hizo mbili zinauana, kinachobaki ni uchafu uchafu tu. Kipimo hiki cha karatasi hakina gharama na naomba kila mtu akifanye kabla ya kwenda hadiwea, kwa kila ukuta, asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka.

Hii shida si ya leo. Kulikuwa na mkemia Mfaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia kazi ya kutia nyuzi rangi kwa kiwanda cha Gobelins huko Paris, wanakofuma yale mazulia ya ukutani. Wateja walikuwa wanalalamika nyuzi nyeusi ziko hafifu, hazina weusi wa kutosha. Akapima rangi akakuta nyuzi hazina kosa, kosa lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake, zile ndizo zilikuwa zinaharibu weusi machoni. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1839. Na jambo alilolionyesha ndilo lilikuwa kwa chumba cha mwalimu pia: jicho likiona rangi kali linaisukuma rangi iliyo kando yake upande wa pili, kinyume cha ile kali. Wekundu mwingi kwa sakafu unafanya kitu kisicho na rangi kionekane kimeenda kijani kijani. Kwa hivyo kijivu ile ilikuwa inavutwa na mwanga upande huu na inasukumwa na jicho upande ule.

Rudi kwa wale watu wanne sasa. Mtoto anakaa chini sakafuni na vitabu vyake, anaona ukuta wa chini, ni zambarau kweli. Mwalimu huwa hapo saa nane, saa tisa mchana, fleti ikiwa imeshika jua, anaona kahawia. Baba watoto anarudi kazini usiku, anaikuta chini ya balbu ya siling, na balbu hiyo ilikuwa 6500 K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea bluu), ile nyeupe yenye ubluu inayouzwa kila duka hapa, kwa hivyo bluu ya ndani ya rangi inaamka yote. Na shosho miaka hiyo yote hakusumbuliwa na kitu kwa sababu krimu ina unjano na wekundu ndani yake, inakubaliana na sakafu, inakubaliana na machungwa, yaani mwanga ulikuwa unaisukuma krimu upande ambao tayari inaenda. Mzee hakuichagua kwa bahati. Alichagua akiwa ameangalia sakafu yake.

Kulikuwa na jambo lingine lisilo la rangi lakini lingeharibu kila kitu, na ningeomba usiliruke. Nusu ya chini ya kuta ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta zamani, ile staili ya nyumba zetu na shule zetu, chini mafuta ndio uchafu wa watoto ufutike, juu rangi ya maji. Fundi wa kwanza alipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya mafuta bila msasa. Nilikata alama ya msalaba kwa wembe, nikabandika selotepu, nikaikandamiza kwa kidole gumba nikavuta kwa haraka, na kukatoka ngozi nzima ya kijivu upana wa kiganja, laini kama plastiki, chini yake ikabaki krimu ya mzee inang'aa vile vile. Kwa hivyo ata kama kijivu ingependeza isingefika mwaka. Penye selotepu inatoka na rangi, hakuna maana ya kubishana rangi gani inapendeza.

Tukakaa chini kuamua. Mwalimu alikuwa ametoka kwa kijivu na moyo umevunjika kidogo, akasema basi wacha tupake nyeupe pee tumalize, chumba kitang'aa. Hilo wazo nilipinga na bado nalipinga. Ukuta hauna mwanga wake, unarudisha tu ule ulioletewa. Nyeupe nzuri inarudisha karibu asilimia 85 ya mwanga, lakini ukileta mwanga kidogo inarudisha kidogo, na nyeupe isiyo na mwanga wa kutosha inaonekana kijivu tu, zile kona zinakuwa na huzuni. Alafu nyeupe ndiyo inashika rangi za wengine kuliko zote, ile karatasi ya A4 ilikuwa imeshatuonyesha. Na iko sababu ya tatu ambayo kwa kazi ya mwalimu ndiyo kubwa. Kamera ya laptopu inapima mwanga wa picha yote kwa jumla. Ukimweka mtu wa ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe mkubwa, kamera inaona weupe umezidi inapunguza mwanga, na uso ndio unaumia, unakuwa kivuli chenye meno. Wanafunzi wake walikuwa washamwambia madam hatukuoni vizuri. Ukimweka mbele ya rangi ya wastani yenye kina, kamera inatulia na uso unatoka vile ulivyo. Naona watu wengi wakinunua taa ya mviringo ya bei kwa tatizo ambalo ni la ukuta.

Baba watoto naye alikuwa na wazo la kufunika sakafu yote kwa tailsi za kijivu, ndio ile kijivu ya ukutani ipate mwenzake. Shosho alikuwa kwa mlango. Akasema, "Mwanangu, hii sakafu babako aliisimamia ikimwagwa na nimeipiga polishi kwa hizi mikono. Pakeni ukuta mpendavyo. Sakafu mniachie." Hapo hakuna mjadala na mimi nilifurahi, juu sakafu ile ni nzuri kuliko tailsi zozote wangepata kwa pesa hiyo, haina ufa hata mmoja, na ni kitu cha nyumba yenyewe. Kwa hivyo ikawa wazi: sakafu haibadiliki, fleti ya jirani haibadiliki, dirisha haliongezeki. Rangi ndiyo itafute namna ya kuishi na hao watatu.

Tulichagua majaribio. Kwa maduka mengi hapa hupati vimkebe vidogo vya kujaribia, kidogo kabisa ni lita moja, kwa hivyo chagua rangi chache na uwe umefikiria. Zilikuwa nne: krimu mbili, moja ikiwa na unjano mwingi na ingine imeenda kwa udongo, rangi ya mchanga, na kijani ya zeituni iliyotulia. Hatukupaka ukutani. Tulipaka vipande vya siling bodi vya karibu futi mbili kwa mbili, koti mbili kila kimoja, juu ukipaka viraka kwa ukuta wa kijivu jicho linalinganisha na kijivu na unadanganyika tena. Bodi unaihamisha. Asubuhi iko kwa ukuta wa mashariki, mchana unaiteremsha chini karibu na sakafu, usiku unaiweka chini ya taa. Ziliachwa hapo siku kadhaa na familia yote ikawa inapita ikitoa maoni, na hiyo ni sehemu ya kazi pia kwa sababu ni wao wataishi nayo.

Krimu ya unjano ilikufa mapema, saa tisa mchana ikawa siagi. Rangi ya mchanga ikawa pinki kupita kiasi ikishuka chini. Krimu ya udongo ndiyo ilikaa, ilibadilika lakini ikabadilika ndani ya ukoo wake, asubuhi imetulia, mchana imepata joto, haikutoka kuwa kitu kingine. Na zeituni ndiyo ilinishangaza kwa raha. Kijani na nyekundu zinatazamana kwa gurudumu la rangi, ule mchoro wa duara unaopanga rangi, kila moja inaipa mwenzake nguvu, na ndio maana kijani safi ya majani mabichi juu ya sakafu ile ingepiga kelele huwezi kaa. Lakini zeituni imechanganywa na ukijivu na unjano, imepunguzwa sauti, kwa hivyo ule msukumo wa jicho ninaouelezea hapo juu, badala ya kuiharibu, unaikamilisha. Machungwa ya fleti yakiipiga inaenda joto kidogo. Mwalimu akasema inafanana na majani ya mkahawa ya kwao Murang'a yakiwa na vumbi, na hapo nikajua imepita.

Mpango ukawa zeituni ukuta mmoja tu, ule wa magharibi utakaokuwa mgongoni mwake kwa kamera, na krimu ya udongo kuta tatu. Zote za maji, zisizong'aa. Shosho aliomba ile nusu ya chini irudishwe mafuta kwa sababu ya mikono ya watoto, na nilimuelewa kabisa, lakini ukuta unaong'aa karibu na sakafu ile ungeubeba wekundu wote kama kioo. Tena ukuta wa magharibi unapigwa na mwanga wa dirisha kwa ubavu, kila alama ya mwiko wa plasta inatoa kivuli, na rangi isiyong'aa inaficha hizo. Tukakubaliana swichi iwekewe kibao kikubwa kidogo cha kukinga, mambo yakaisha.

Kazi ya mkono sitaielezea sana. Nusu ya chini ilipigwa msasa wa maji, si mkavu, juu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mwili. Watoto walihamishwa kwa shangazi, fundi akavaa barakoa ya vumbi, na uchafu ukafutwa kwa kitambaa kibichi, haukufagiliwa. Juu yake ikapita andakoti, ile rangi ya chini ya kushikisha. Siling ilikuwa na doa la kahawia la mvua, bomba la mabati lilikuwa limetoboka, likarekebishwa kwanza, na doa likafungwa kwa andakoti ya mafuta kabla ya nyeupe, la sivyo doa la maji linapenya rangi ya maji kila mara hata upake koti tano. Ilikuwa Agosti, baridi, kwa hivyo koti ya pili haikuharakishwa, ilingoja siku ya pili.

Hesabu ya rangi naiweka hapa kwa sababu watu huuziwa mkebe wa lita 20 kwa chumba kama hiki. Kuta zote nne ni futi 42 kwa 9, kama mita 35 za mraba, toa mlango na dirisha inabaki kama 31. Ukuta wa zeituni ni kama mita 8 na nusu, koti mbili ni 17. Zinazobaki ni karibu 23, koti mbili 46. Lita moja ya rangi ya maji kwa ukuta ulioandaliwa vizuri hufunika mita 10 hadi 12. Lita mbili za zeituni na tano za krimu, basi. Nunua zote siku moja, na ile mikebe ya rangi moja imiminwe kwa ndoo moja ikorogwe pamoja kabla ya kuanza, juu mikebe miwili ya kodi moja inaweza kutofautiana kidogo na utaiona katikati ya ukuta.

Balbu tulijaribu jioni, ukuta ukiwa umekauka. 6500 K iliifanya zeituni kuwa kama rangi ya gari la jeshi. 2700 K ikaifanya krimu kuwa ya rangi ya chai ya maziwa, nzuri kwa kukaa, lakini mwalimu anasahihisha kwa kalamu nyekundu na akasema karatasi zinaonekana za zamani. 4000 K ikakaa katikati, kwa siling na kwa taa ya meza zote mbili, juu ukichanganya balbu mbili tofauti chumba kimoja ukuta unagawanyika. Angalia pia kwa boksi pameandikwa Ra au CRI, kipimo cha vile balbu inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli, chukua 90 ukipata, isiwe chini ya 80, la sivyo rangi zinakuwa zimekufa hata ukipaka nini. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, anza na balbu. Ile kijivu ya kwanza ingevumilika usiku kwa balbu ya 4000 K bila kugusa brashi.

Meza iliwekwa ubavuni mwa dirisha, mwalimu akiangalia mashariki. Yeye anaandika kwa mkono wa kushoto kwa hivyo dirisha likawa kulia kwake, mkono usifunike maandishi kwa kivuli, na ukuta wa zeituni uko nyuma. Dirisha likapata pazia jepesi la rangi ya maziwa, si jeupe kabisa, ndio lile machungwa liingie limesambaa.

Mapambo mimi huyaweka kazini, si kujaza ukuta. Mkeka mkubwa wa ukindu kutoka pwani ulitandikwa kutoka kwa meza mpaka ukuta wa zeituni, na sakafu nyekundu ikabaki kingoni, imeonekana na imepumzika. Nikarudia ile karatasi ya A4 chini ya ukuta. Pinki ilikuwa imepungua sana. Rafu ni ya saiprasi, ilitengenezwa na wale mafundi wa Ngong Road, ikapakwa vanishi isiyo na rangi, juu walitaka kuipaka rangi ya mahogani na wekundu ulikuwa umetosha humo ndani. Viondo viwili vya mkonge vinabeba nyaya na karatasi za mitihani. Kwa ukuta wa zeituni kuna fremu moja tu kubwa, khanga ya mama yake mwalimu, nusu ya doti, nusu ingine bado mama anaivaa, na tuliiweka bila kioo ndio dirisha lisionekane ndani yake wakati wa darasa. Picha ya mzee, ile nyeusi na nyeupe ya studio, iko kwa ukuta wa mashariki mbele ya mwalimu, mahali shosho alichagua.

Kitu kimoja tulibishana nacho. Mwalimu alikuwa amenunua kipande cha kioo kutoka Kitengela Glass, vile vya kutengenezwa kwa vioo chakavu vilivyoyeyushwa, bluu kali nzuri sana, akataka kukining'iniza dirishani. Kwa dirisha lingine lolote ningesema ndio. Kwa hili ambalo tayari linaleta rangi ya jirani, bluu juu ya machungwa ingeturudisha kule kule. Kikawekwa kwa rafu chini ya taa ya meza na hapo kinapendeza bila kugusa ukuta. Mmea ni Zamioculcas, ule wa majani mazito yanayong'aa, wa kwetu kabisa, huota wenyewe kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, na unavumilia mwanga kidogo kuliko mimea mingi inayouzwa kando ya barabara kama ya ndani ya nyumba.

Baba watoto bado anaona zeituni ni nzito, anasema angependa iwe nusu ya ukuta, na hiyo ni haki yake. Desemba tuliangalia tena, ukuta wa fleti ukiwa kivulini: krimu imepoa, imekuwa karibu na rangi ya pamba chafu kidogo asubuhi ya mawingu, na sikuipenda sana saa hiyo, lakini taa ya meza ikiwaka inarudi. Zeituni haikusogea. Fleti ikija kupakwa rangi ingine, na hizi fleti hupakwa zikianza kumenyeka, krimu ndiyo itahitaji kuangaliwa tena, kwa hivyo kodi zote mbili, jina la duka na tarehe vimeandikwa kwa masking tepu na kubandikwa ndani ya mlango wa rafu, na zile bodi za majaribio shosho amezihifadhi nyuma ya kabati lake.